Kipimo cha Presha

Kabeza, Kigali, 9 Machi 1992

Dada Umulisa,

Salamu nyingi hapo Bujumbura, wewe na watoto. Sisi tuko wazima. Mvua imeanza, na maharage ya shamba letu la Gahanga yameota vizuri.

Najua umeshasikia kwamba nimeshindwa mtihani wa zimamoto. Ni kweli, lakini si haki, na nimekata rufaa. Kwenye chumba cha moshi nilitambaa nikalitoa lile gunia la mchanga walilolivalisha nguo kama mtu, tena kabla ya wenzangu wote. Wameniangusha nje, juani, eti nimesoma vibaya kipimo cha presha. Kioo chake kilikuwa kichafu, na nimewaandikia hivyo. Halafu presha mimi naijua kwa mikono, mpira wa maji unavyokakamaa. Miaka kumi na moja nimezima moto hivyo! Jumatatu watanipima tena. Nikishindwa, wanachukua cheti na kazi imekwisha. Usingizi sipati.

Mgongo wa shemeji unaendeleaje?

Mdogo wako,
Salvator

Dada, haya ya chini naandika mwenyewe, nisamehe mistari inapandana. Ya juu nimeandikiwa na Daphrose, mwenye duka hapa jirani. Nilimwambia miwani yangu imevunjika, akanihurumia. Wewe unajua sijawahi kuvaa miwani. Na kikosini mwenye miwani hapandi gari la moto.

Usimwambie Mama. Kile kioo kilikuwa safi.