Ngao ya Lambo Letu

Nyamuswa, Jumamosi

Tumeshinda, na mimi sina furaha. Waamuzi kutoka wilayani wamelipatia lambo letu la maji ngao ya mradi bora kuliko miradi ya vijiji vingine vyote.

Walisimama juu ya tuta tu, kwenye mawe tuliyoyapaka chokaa, akina mama wakiwachezea ngoma. Mmoja akauliza, "Na upande wa chini, ndugu mwenyekiti?"

"Huko ni majani na nyoka, ndugu," baba akamjibu. Wakacheka, wakaenda kula mbuzi.

Huko chini ndiko tuta linakovuja. Jana baba na wenzake waliziba ufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama tunavyokandika nyumba. Nyumba yetu iko hapo hapo chini.

Nilipomnawisha mikono nilimnong'oneza, "Baba, pale mlipoziba pameshalowa."

Hakunitazama. "Tulikuwaga tunaziba hivyo hivyo, mwanangu. Usiharibu sherehe."

Jioni mawingu meusi yalikuja kutoka ziwani. Baba alikaa akiitazama ngao, kisha akamwambia mama taratibu, "Leo watoto wakalale kwa bibi yao, kule mlimani."

Mama akatufungia mablanketi. Wao wawili wamebaki na ng'ombe.

Naandika hapa kwa bibi. Mvua imeanza.