Baba Mkwe Anataka Kuwa Jogoo Jukwaani

Dada mshauri, pokea salamu zangu, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi maana nyumba yetu haielewani.

Mimi ni msanii wa jukwaani na mwalimu, nafundisha watoto lugha kwa kuigiza, kuimba na kucheza, yaani neno hatuliandiki mpaka tumelipigia makofi na kulitembeza chumba kizima, na baba mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, miaka yote aliita kazi yangu kurukaruka. Mwaka jana akapata kiharusi, maneno yakampotea, mtu aliyekuwa akinyamazisha shule nzima kwa kikohozi tu akawa hawezi hata kuomba maji, mpaka siku moja nakunja nguo chumbani kwake huku naimba wimbo wa darasani, nikasikia sauti nyuma yangu ikimalizia mstari, kugeuka ni yeye, nikakaa sakafuni nikalia. Tangu hapo tukawa tunaimba "na-o-mba ma-ji" tukijipiga gotini kwa kiganja, na daktari wake akasema tusiache. Sasa kila alasiri anakuja darasani na mkongojo wake, watoto wanamwita Babu Mwanafunzi, wamempa nafasi ya jogoo katika onyesho letu la Jumamosi, naye anawika hadi majirani wanachungulia dirishani.

Mume wangu na kaka yake wamekuja juu. Kaka mtu akaniambia, "Shemeji, ukumbini watakaa watu waliofundishwa na baba. Unataka wamwone akipiga mbawa?" Nilipomwomba mzee apumzike, alinitazama, akajipiga gotini kwa kiganja, akaimba, "Mwa-na-ngu, na-ta-ka."

Nifanyeje?

Mwalimu wa Kurukaruka

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Hongera, ulichomfanyia mzee si kidogo. Lakini acha nikukaripie: mtu amehangaika mwaka mzima kulipata neno "nataka", na wewe ulipolisikia ukaanza kutafuta ruhusa kwa wengine. Wanawe wanaogopa watu watacheka. Watacheka, ndiyo, na wacheke. Jogoo asiyechekesha watoto ana kazi gani?

Sasa sikiliza. Kesho alasiri waite mumeo na shemeji yako mazoezini, na usiwabembeleze. Mzee awaambie mwenyewe anachotaka, hata kikimchukua dakika kumi, nawe usimsaidie hata silabi moja. Najua ulimi utakuwasha. Weka kiti pembeni mwa jukwaa ili akichoka akae, na umwulize daktari kuhusu hizo mbawa, asije akajizidishia. Mumeo mpe ngoma apige. Mwenye shughuli mikononi hana nafasi ya kuona haya. Kaka yake akigoma, mwachie kiti mstari wa mbele, ubishi utamchosha na atakuja.

Jumamosi ikifika, fungua pazia, kaa kando, mwache baba awike.