Maji ya Chokaa, Tone kwa Tone

Shemeji yangu mpendwa,

Hatujambo. Matumbawe ya marehemu kaka yako yananawiri kwenye tangi lao, na yule samaki mchokozi bado anagombana na kivuli chake.

Maji ya chokaa ya kulisha matumbawe nayatia ulivyonifundisha: yale maangavu ya juu tu, chokaa ikishatuama chini, tone kwa tone. Jana nilichoka na kila kitu, nikataka kuyamimina yote kwa mkupuo. Mama mkwe, aliyekuwa hajatamka neno tangu mazishi, akanishika mkono.

"Taratibu, mwanangu. Utayaua matumbawe."

Nikalia. Yeye akaendelea kunigombeza, eti nimelowesha sakafu.

Ulipotukataza kuliuza tangi hili, nilikununia. Ahsante, shemeji. Leo mama kanigongea mlango: "Matumbawe hayajapata chokaa, na wewe umelala."

Ni mimi,
mke wa kaka yako