Wimbo wa Ghati

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia mistari mitano ya mahindi, mgongo ukagoma. Ghati akaendelea peke yake, mtoto mgongoni, akiimba ule wimbo tena. Wiki ya pili sasa. Wa Kikurya, ubeti mmoja tu. Ndege ametua juu ya ghala. Mtama si wake, ghala si lake. Mvua ikikatika ataruka.

Miaka thelathini nimefundisha Kiswahili. Nimechapa watoto wa watu kwa kushindwa kutaja dhamira ya shairi. Hili halinishindi. Ghala ni nyumba yangu. Ndege ni yeye.

Jumatano, 5 Machi
Ghati ataondoka.

Nilimwoa mwaka juzi, kwa ng'ombe, mbele ya wazee. Nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, kama mila inavyomruhusu mjane asiye na mtoto. Akamzaa Bhoke, Bhoke akawa wangu. Kimila, mama akiondoka mtoto anabaki. Lakini bado ananyonya. Atabaki anyonye nini, chaki?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepekua begi lake alipokwenda mtoni. Nimeona aibu, na nimepekua. Vitenge viwili, kadi ya kliniki, picha ya mama yake. Basi. Nikaanza kutulia.

Akarudi na beseni la nguo. Amefua zote. Anayesafiri hufua kwanza.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji Marwa, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja baada ya ibada. Kauliza presha yangu inaendeleaje. Kautembelea mpaka wa shamba, polepole, mikono nyuma. Kamtazama Bhoke, kasema angekuwa wa kiume mambo yangekuwa mepesi. Ghati alimpa chai.

Alipotoka tu, wimbo ukaanza. Kwa sauti kuliko siku zote. Mimi nasumbuliwa na mashemeji, yeye anaimba safari yake. Nimemchukia mchana kutwa.

Jumanne, 11 Machi
Nimeshindwa kuvumilia. Nilimkuta anapepeta ulezi, nikamuuliza anaondoka lini.

"Niende wapi, mama?"

Nikamsomea ubeti wake, neno kwa neno, na maana yake, kama niko ubaoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Ungo ukabaki mapajani.

"Na mvua, mama?"

Mvua sikuwa nimeipa maana yoyote.

"Mvua ni wewe. Siku ukikatika, Marwa atatufukuza mimi na mwanao. Sasa mimi nitakwambiaje kwamba utakufa? Nikaona niimbe."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Kwa aibu. Wiki mbili mtoto wa watu ananiomba, mimi nasahihisha.

Jumatano, 12 Machi
Marwa kapita tena. Sikumkaribisha kukaa. Nguo ya safari nimepiga pasi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda Mugumu mjini na basi la asubuhi. Wosia umeandikwa mahakamani. Shamba na nyumba, kwa Ghati na Bhoke. Mashahidi wawili, mhuri. Karani aliuliza Ghati ni nani kwangu. Nikasema mke wangu. Akaandika.

Nimefika nyumbani saa tisa. Nimempa Ghati nakala. Alisoma taratibu, akafika kwenye jina lake, akarudia hapo. Kisha akaniuliza kama nimekula.