Maharage Yaliyookolewa kwa Ndimu

Dada yangu,

Huku hatujambo, ni mvua tu. Jana mchana niliingia mgahawa ulio jirani na kazini, nikaagiza wali kwa maharage. Tonge la kwanza tu, nikaijua ladha. Yameungua kidogo, yakaokolewa kwa ndimu na sukari! Nikawa mtoto tena, tunagombania ukoko, mama akisisitiza, "Hayajaungua, yamechangamka."

Nikamuuliza mhudumu kapika nani.

"Mama yangu," akasema, akamwita.

Dada, aliyetoka jikoni ni mama! Mama yetu, ambaye baba alituapia kuwa kafia safarini. Kazeeka, lakini ndiye. Akafuta mikono, akaniuliza, "Chumvi imekolea, mgeni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Njoo upesi. Wewe na mama mnafanana shilingi kwa ya pili. Wewe hatakuita mgeni.

Mdogo wako