Kaka, Mdogo Wetu Haendi Popote

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wifi mgongo umempa nafuu? Watoto wazima? Huku tunasukuma siku. Magoti yanamsumbua Mama, ila mdomo haujambo kabisa. Nami ningesema ni mzima, lakini tangu nisome ujumbe wako, chai inapoa mbele yangu nikikujibu kichwani. Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mtu mzima wewe, unaniagiza nimpeleke mdogo wetu kwa binamu ili wakwe wa binti yako wasimkute hapa? Eti mpaka mambo yapite. Mambo gani, Kaka? Yeye ndiye mambo?

Alitoka hospitali mwezi uliopita. Anakula, analala, anataniana na Mama. Wanaonitia wazimu ni hawa wazima. Shangazi alikuja kutusaidia, na siku ileile akakusanya visu vyote vya jikoni, akavificha, kisha akasahau alikovificha. Nikawa nakata vitunguu kwa mkasi, hadi mdogo wetu mwenyewe alipovikuta ndani ya gunia la mchele. Akamrudishia Shangazi kimoja kimoja, mpini mbele, na Shangazi akavipokea kwa ncha za vidole. Nilicheka mpaka nikalia, halafu kikabaki kilio peke yake.

Mama naye anawatangazia watu kwamba ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Nimemwambia ugonjwa una jina lake na daktari alilitaja, akanijibu kwamba si kila jina ni la kutamkwa mbele ya wageni. Jirani wa mlango wa pili alikuja kutoa pole, akaniuliza, mgonjwa mwenyewe ameketi palepale, kama huwa anang'ata. Kabla sijafungua kinywa kumpa anachostahili, mdogo wetu akamjibu kwa upole kwamba ndiyo, hung'ata, ila mahindi tu.

Mtu mmoja tu ametusaidia bila makelele: seremala, bosi wake. Hakuja na vikapu vya pole. Alimpigia simu akamuuliza lini atarudi na kazi gani ataiweza kwanza. Siku dawa zinapomlegeza mikono, anapiga msasa. Siku nyingine anashika msumeno kama zamani. Majuzi nilimpelekea chakula, nikamkuta mteja mmoja amerudi nyuma hadi ukutani, anamuuliza seremala kwa mnong'ono kama huyu kijana anaruhusiwa vitu vyenye makali. Seremala hata hakuinua kichwa. "Muulize mwenyewe," akasema, "masikio anayo." Mteja akamgeukia mdogo wetu, akauliza kabati lake litakuwa tayari lini. Mdogo wetu akamwambia Ijumaa, na Ijumaa akalichukua. Basi, Kaka. Ni hivyo tu. Haihitaji shahada.

Sasa sikia usilolijua. Ujumbe wako aliusoma yeye kabla yangu, maana simu yangu ilikuwa mkononi mwake. Nilimkuta chumbani anakunja mashati yake, anayapanga kwenye begi kama mtu aliyefukuzwa kwao. Nikaketi kitandani, nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu yeyote wa nyumba hii: kwamba mimi pia nahudhuria kliniki ileile ya akili anayotibiwa yeye, tangu mwaka juzi, na kila asubuhi nameza vidonge ndipo niweze kuinuka kitandani. Akauliza vyangu ni vya rangi gani. Nilipomwambia vyeupe, akasema vyake ni vya njano, kwa hiyo yeye ni mkubwa wangu kwa cheo. Kisha akaanza kurudisha mashati kabatini.

Ndiyo, Kaka, ni mimi huyuhuyu. Likizo iliyopita uliniachia wale pacha wako nikawaogesha, nikawalisha, nikawalaza, na ulipokuja kuwachukua ukasema hujawahi kuona dada mwenye akili iliyotulia kama mimi. Ilikuwa imetulia kweli. Ilitulizwa na dawa.

Wakwe wakija, watatukuta wote wawili mezani. Wakiuliza, tutawajibu. Ukiona aibu, kaa huko. Ukituonea fahari, njoo mapema utusaidie kupanga viti.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Mdogo wetu pia anakusalimu, kwa moyo mweupe kunishinda mimi.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa katikati.