Baba Arudi Namba Kumi

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni moto. Nguo zianueni, mawingu hayo si ya kuaminika.

Nimempeleka baba yenu hospitali kutundikiwa dripu yake ya saratani. Asubuhi alisimama mbele ya friji akisoma orodha yenu ya waigizaji watanashati wa mwaka. Namba kumi huwa mnamwekea yeye kwa utani, na kila mwaka hulalamika ameonewa. Leo hakujiona. "Kumbe wameshanitoa," akasema, akavaa kofia.

Najua mlimtoa kwa sababu ya nywele kunyonyoka, mkaona utani utamuuma. Kilichomuuma ni kuachwa.

Mfuteni yule mwenye ndevu mliyemweka mahali pake, hata kuigiza hajui. Baba yenu mrudisheni ~~namba moja~~ namba kumi, pale pale. Mkimpandisha, atajua tunamhurumia.

Mama